Mwendeshaji wa reli anapimwaje ufanisi soko likishafunguliwa?

Binti wa Pasua (Moshi)

Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie kufikiri.

Naandika tasnifu ya shahada ya pili kwenye uchumi wa usafirishaji, niko hapa Moshi. Mada yangu ni ufanisi wa waendeshaji wa reli katika nchi zilizofungua soko, yaani zile zilizokodisha shirika la serikali kwa mwekezaji na zile zilizoruhusu kampuni zaidi ya moja kupitisha treni kwenye njia moja. Nataka kujua kama baada ya mabadiliko hayo treni zinabeba zaidi kwa watu na mali zilezile, au hakuna kilichobadilika zaidi ya jina kwenye behewa.

Nimeichagua kwa sababu nimelelewa Pasua na reli iko palepale. Nimekua nikiona majani yameota katikati ya mataruma na mbuzi wanajilia humo. Julai 2019 treni ya mizigo ikarudi kutoka Tanga, Desemba ikaja ya abiria kutoka Dar, na Oktoba 2020 ikafika mpaka Arusha. Tangu hapo, reli ikitajwa kwenye kikao chochote, hata msibani, watu wanagawanyika. Huyu anasema mwekezaji ndiye aliyeiua, yule anasema serikali haijawahi kujua biashara. Wote wanaongea kwa uchungu, na hakuna anayetoa kipimo ambacho mwenzake atakikubali. Kipimo hicho ndicho ninachokitafuta.

Mpango wangu ni kutumia DEA. Kwa asiyeijua: unamchukua kila mwendeshaji, unaandika anachotumia (wafanyakazi, vichwa vya treni, mabehewa, urefu wa njia, mafuta) na anachozalisha (abiria-kilomita, tani-kilomita, treni-kilomita, yaani idadi ya abiria, tani au treni mara kilomita zilizosafiri). Hesabu inawatafuta wanaozalisha kingi kwa kidogo, hao ndio wanakuwa mpaka, na waliobaki wanapewa alama kulingana na umbali wao kutoka kwenye mpaka huo. Aliye juu ya mpaka anapata 1. Mwenye 0.7 maana yake kazi aliyoifanya ingeweza kufanywa kwa asilimia 70 ya alivyotumia. Mbinu hii ilitolewa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978, na wanaochunguza reli wameitumia sana.

Waendeshaji nilionao kwenye orodha ni reli yetu (kabla, wakati na baada ya TRL, kampuni iliyokodishwa reli mwaka 2007), TAZARA ya Tanzania na Zambia, Kenya na Uganda walipokodisha kwa kampuni ya RVR kuanzia 2006 mpaka 2017, Zambia walipokodisha 2003 mpaka 2012, Sitarail ya Ivory Coast na Burkina Faso iliyoanza 1995, na Camrail ya Kameruni iliyoanza 1999.

Msimamizi wangu ameisoma rasimu akaandika pembeni: "Hapa umempima mwendeshaji, au umeipima reli?" Nimelielewa swali lakini sijui nalijibu vipi kwa takwimu. Mtu aliyefanya kazi reli, au anayesafirisha mzigo, au anayezijua hesabu hizi, naomba aniambie yeye angeanzia wapi.

Karani wa Mizigo (Arusha)

Dada, mimi niko upande wa mteja. Niko kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kazi yangu ni kuhakikisha saruji, nondo na mabati vinafika ghalani kabla ya wateja kuanza kulalamika.

Kwa tunaolipia mzigo, swali la kwanza ni siku. Lori likitoka Tanga jioni, asubuhi nampigia dereva, ananiambia yuko Same, najua vibarua niwaite saa ngapi. Treni bei yake kwa tani inavutia, hasa mzigo ukiwa mkubwa. Lakini nikishindwa kumwambia bosi mzigo utaingia Jumanne au Ijumaa, nalazimika kujaza ghala ili nisiishiwe, na hiyo ni hela imelala. Bado kuna kuhamisha kutoka kwenye behewa kwenda kwenye lori la kuleta dukani: kuli unamlipa mara mbili na mifuko inapasuka.

Kwa hiyo ukipima, usiishie kwenye wastani. Mwendeshaji anayeniletea mzigo kwa siku tano kila mara namthamini kuliko anayeleta kwa siku mbili leo na siku nane wiki ijayo. Wastani wao ni uleule, ila wa kwanza naweza kufanya naye biashara.

La pili, angalia behewa linarudi na nini. Lori likishusha kwangu linakwenda kutafuta vitunguu, mahindi au maharage ya kurudi nayo. Behewa likirudi tupu, tani-kilomita kwa kila safari ya kwenda na kurudi ni nusu, na huenda mwendeshaji hana kosa lolote. Hakuna mzigo wa kushuka, basi.

Mzee wa Kahe (Moshi)

Mwanangu, msimamizi wako ameuliza swali ambalo sisi tulipaswa kuulizwa zamani sana.

Niliingia reli enzi za Jumuiya ya zamani, kabla haijavunjika 1977 na kila nchi kuanzisha shirika lake. Nimefanya kazi upande wa uendeshaji kwenye stesheni za njia ya Tanga mpaka nikastaafu. Nikueleze tulivyopima wenyewe, maana kupima tulipima, ingawa kompyuta hatukuwa nayo.

Kila asubuhi stesheni ilipiga simu kontroli, ofisi inayoongoza treni, na kutoa hesabu ya mabehewa: yaliyopakiwa, matupu, yanayosubiri kushushwa, mabovu. Kila behewa lilikuwa na kishikizo ubavuni, ndani yake kikaratasi kinachoonyesha limetoka wapi, linakwenda wapi, limebeba nini, limepakiwa tarehe gani. Ukitembea yadi nzima asubuhi ukasoma vikaratasi vile, unaijua hali ya reli kuliko atakayekuja kusoma taarifa ya mwaka. Ukikuta cha wiki tatu nyuma, unajua kuna mahali pameziba. Kutoka hapo ndipo tulipata kipimo tulichokiita mzunguko wa behewa, yaani siku tangu behewa lipakiwe mpaka litakapopakiwa tena.

Fanya hesabu ya mfano. Una mabehewa 60, kila moja linabeba tani 40, na mzunguko ni siku 12. Kwa siku 30 kila behewa linakwenda safari mbili na nusu, kwa hiyo unasafirisha tani 6,000. Punguza mzunguko uwe siku 6, unasafirisha tani 12,000 kwa mabehewa yaleyale 60. Hujanunua hata nati moja. Anayetaka kumpima mwendeshaji na asiangalie mzunguko, mimi simwelewi.

Sasa njoo kwenye swali la msimamizi wako. Zile siku 12 zigawanye. Kutembea kwenyewe kutoka Tanga mpaka Moshi hakuchukui siku nyingi, ni kama kilomita 350. Siku zinaliwa mahali pengine. Kuna siku behewa limepakiwa na halina kichwa cha kulivuta. Kuna muda treni inatambaa kwa sababu mataruma yamechoka na dereva amepewa amri ya kupunguza mwendo. Na kuna siku behewa limefika salama na mwenye mzigo haji kushusha.

Hili la mwisho nilihangaika nalo. Tulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyegundua kuwa faini ya kuchelewesha behewa ni ndogo kuliko kodi ya ghala mjini. Basi akageuza mabehewa kuwa ghala. Anakuja asubuhi na vibarua wawili, anashusha kiasi anachouza siku hiyo, anafunga mlango, anaondoka. Behewa linakaa na mimi stesheni, na kwenye hesabu ya kontroli ni behewa letu limelala. Wiki hiyohiyo kuna mkulima anataka behewa la kupakia na sina la kumpa. Mwisho wa mwezi ikaonekana stesheni yetu ndiyo nzembe.

Kwa hiyo kila siku ya mzunguko itafutie mwenyewe: hii ni ya njia, hii ni ya kichwa, hii ni ya mteja, hii ni ya forodha kama mzigo unavuka mpaka. Ya mwendeshaji ni zile anazoweza kuzipunguza mwenyewe bila kumwomba mtu. Hapo ndipo utakuwa umempima yeye.

Na usidhani njia ni jambo dogo. TRL ilianza Oktoba 2007, kampuni ya RITES ya India ikiwa na hisa asilimia 51 na serikali asilimia 49, huku mali za reli zikibaki chini ya RAHCO, kampuni ya serikali. Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko ya Kilosa yakaisomba njia kuelekea Gulwe, na reli ya kati ikasimama kwa miezi. Ukichukua tani-kilomita za 2010 na kuzitia kwenye hesabu yako, mwendeshaji ataonekana ameanguka vibaya. Sehemu ya anguko hilo ni yake na sehemu ni ya mto. Simtetei mwekezaji: mambo yalikuwa yameharibika kabla ya maji kuja, na 2011 serikali ikazirudisha hisa. Ila mwaka ule ukiuingiza mzima bila kuutenganisha, utapewa namba na namba hiyo itakudanganya.

Jambo moja linaniuma kuliko yote. Umeweka urefu wa njia kati ya vitu ambavyo mwendeshaji anatumia. Fikiria maana yake. Mwendeshaji akiacha kabisa kupeleka treni Moshi na Arusha, akaifuta njia yetu kwenye vitabu, akabaki na kipande kinene cha mzigo wa bandarini, kilomita zake zinapungua, wafanyakazi wanapungua, na tani-kilomita kwa kila kilomita ya njia zinapanda. Kompyuta itampa pongezi. Sisi tunaobaki na majani kwenye mataruma hatuonekani popote kwenye hesabu hiyo. Nimewaona watu wa Same na Mombo waliojenga maisha yao kwenye treni, mama wa kuuza ndizi dirishani, mkulima wa kupakia katani. Treni ilipoacha kuja hawakuwa "urefu wa njia uliopunguzwa". Kazi ambayo reli ilipewa kuifanya lazima iandikwe kwanza, ndipo umwulize mwendeshaji ameifanya kwa gharama gani.

Binti wa Pasua (Moshi)

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Hili la njia iliyoachwa sijalikuta likielezwa hivi kwenye makala zote nilizosoma.

Swali langu: hizo siku ulizozigawanya zilikuwa zinaandikwa mahali? Taarifa za mwaka ninazopata zina jumla tu, tani ngapi, abiria wangapi, wafanyakazi wangapi. Mzunguko wa behewa unatajwa mara chache, na ukitajwa ni namba moja ya nchi nzima.

Mzee wa Kahe (Moshi)

Marahaba mwanangu. Ziliandikwa. Stesheni ilikuwa na daftari la mabehewa, kuingia na kutoka, kwa tarehe na namba ya behewa. Na kulikuwa na daftari la treni: imefika saa ngapi, imeondoka saa ngapi, imechelewa kwa nini. Sababu ya kuchelewa ilikuwa lazima iandikwe, maana dereva na gadi wasingekubali kubebeshwa dakika zisizo zao. Omba kibali rasmi cha utafiti, taja stesheni na miaka unayoitaka, usiombe "data za reli" kwa ujumla. Ukiomba kwa ujumla utapewa jedwali la ujumla.

Mtetezi wa Soko (Arusha)

Nawaheshimu wote mlioandika, lakini naona tunazunguka. Ufanisi unaletwa na ushindani, na ushahidi upo. Hispania, kati ya Madrid na Barcelona, Renfe ilikuwa peke yake mpaka Mei 2021 Ouigo ilipoingia, kisha Iryo ikaja Novemba 2022. Nauli zikashuka na abiria wakaongezeka. Italia walitangulia, Italo ilianza kushindana na shirika la serikali Aprili 2012 kwenye treni za mwendo kasi. Msafiri wa kawaida ameona tofauti bila DEA.

Sisi hatukuwahi kufungua soko. Mwaka 2007 tulichukua shirika zima tukampa mmoja. Kilichokuwa ukiritimba wa serikali kikawa ukiritimba wa mbia. Dada, ukiweka TRL na Italo kwenye kundi moja kwa jina la "soko kufunguliwa", utafiti wako umeharibika kabla hujaanza.

Mchumi wa Njiro (Arusha)

Mtetezi wa Soko amesema jambo la msingi kwenye aya yake ya mwisho, na ningemshauri dada alichukue. Kuna kushindania kupewa soko, ambako washindani wanakutana siku moja kwenye zabuni na baada ya hapo mshindi anabaki peke yake kwa miaka 25, na kuna kushindana ndani ya soko, kila siku, kwenye reli moja. Viwili hivi vinazaa tabia tofauti. Mwenye mkataba mrefu anaanza kupigania masharti ya mkataba, na mwenye mshindani kwenye ratiba anapigania abiria. Vipe alama tofauti kwenye data yako.

Ila Hispania si mfano wa kutuhamishia sisi moja kwa moja. Serikali ilikuwa imeshajenga njia ya mwendo kasi kwa fedha nyingi mno na njia ilikuwa na nafasi ya treni zaidi. Ukimwalika mwendeshaji wa pili kwenye njia yenye nafasi, gharama ya treni ya nyongeza ni ndogo. Njia ya Tanga mpaka Arusha ni reli moja, treni mbili zikikutana lazima moja isubiri kwenye kipishano. Kabla ya kuuliza ni waendeshaji wangapi, uliza treni ngapi zinaweza kupita kwa siku.

Sasa hesabu, maana nimezifundisha miaka kadhaa na naona mtego pale. Dada, una vitu vitano vya kuingiza na vitatu vya kutoka, jumla vinane, na waendeshaji sita au saba. DEA inamruhusu kila mwendeshaji ajichagulie uzito unaompendeza. Vipimo vikiwa vingi na washindani wachache, kila mtu atapata kimoja ambacho yeye ni bora, na wote watatoka na 1. Utakuwa umefanya kazi ya mwaka mzima kugundua kuwa wote ni hodari. Wengi hufuata kanuni kwamba idadi ya wanaopimwa isipungue mara tatu ya jumla ya vipimo. Kwako ni 24. Tumia data ya miaka mingi, kila mwendeshaji kwa kila mwaka ahesabiwe peke yake, na punguza vipimo. Mafuta yanaweza kuondoka. Treni-kilomita nayo usiiweke pamoja na tani-kilomita, na hapo nina maelezo.

Treni-kilomita ni kazi aliyoipanga mwendeshaji. Tani-kilomita na abiria-kilomita ni kazi iliyonunuliwa na soko. Treni iliyotoka Tanga kwa wakati, ikiwa na mabehewa nusu matupu, imefanya kazi nzuri ya kiufundi na mbaya ya kibiashara. Pima hatua ya kwanza: kwa watu, vichwa na mabehewa aliyonayo, anaendesha treni-kilomita ngapi? Halafu hatua ya pili: kwa treni hizo, ameuza tani na abiria kiasi gani? Alichosema Karani kuhusu behewa kurudi tupu kinaonekana kwenye hatua ya pili, na hapo huwezi kumlaumu fundi wa karakana.

Jihadhari sana na idadi ya wafanyakazi. Nichukue mfano wa kubuni. Shirika la zamani lina watu 1,000 na linazalisha tani-kilomita milioni 200, sawa na 200,000 kwa kila mtu. Mwekezaji anakuja, anabaki na watu 600 na tani-kilomita milioni 150. Hiyo ni 250,000 kwa mtu, magazeti yanaandika ufanisi umepanda kwa robo. Lakini karakana na ulinzi sasa vinafanywa na makandarasi wenye watu 200. Warudishe kwenye hesabu, wanakuwa 800, na kila mmoja anazalisha 187,500. Ufanisi umeshuka. Kwenye nchi zilizotenganisha njia na treni tatizo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu mafundi wa njia wanahama kwenye vitabu vya mwendeshaji kwa siku moja. Ulaya ilianza na Uswidi mwaka 1988, kisha agizo namba 91/440 la mwaka 1991 likazitaka nchi za Jumuiya ya Ulaya zitenganishe angalau hesabu za njia na za treni. Ukilinganisha kabla na baada bila kurekebisha, unapima uhamisho wa wafanyakazi.

Uingereza inafaa kusomwa kwa makini kwa sababu kila upande unaitumia kujitetea. Walibinafsisha kwa sheria ya 1993. Safari za abiria zilikuwa milioni 735 mwaka wa 1994/95, zikapita bilioni 1.7 kufikia 2018/19. Mtetezi wa Soko atasema umeona. Lakini ripoti ya McNulty ya 2011 ilikuta reli yao ni ghali kuliko reli za Ulaya walizolinganisha nazo. Yote mawili ni kweli. Na kuna Hatfield, Oktoba 2000: reli iliyochoka ilivunjika chini ya treni, watu wanne wakafa. Railtrack, kampuni yenye njia, ikaweka amri za kupunguza mwendo mamia kwa mamia nchi nzima. Waendeshaji wa treni ambao hawakugusa ile reli wakawa wanachelewa kila siku kwa miezi. Mwaka uliofuata Railtrack ikawekwa chini ya usimamizi wa mufilisi. Mzee wa Kahe anazungumzia Kilosa, na hilo ni lilelile la Hatfield: mwenye treni anabeba alama za mwenye njia.

La mwisho kwangu. DEA haijui bahati mbaya. Kila umbali kutoka mpakani inauita uzembe, hata kama ni mafuriko au makosa ya karani wa takwimu. Fanya pia SFA, mbinu iliyotolewa mwaka 1977, inayojaribu kutenganisha bahati na uzembe. Majibu ya mbinu mbili yakikubaliana, una la kusema. Yasipokubaliana, liandike hilo na ueleze kwa nini. Na kumbuka serikali nyingi zinakodisha reli ikiwa tayari mahututi. Mgonjwa aliyefikishwa hospitali akiwa hoi akifa, hatuandiki kuwa hospitali zinaua. Tafuta hali ya kila reli miaka mitano kabla ya mkataba, uiweke kwenye modeli.

Mtetezi wa Soko (Arusha)

Nakubali la njia yenye nafasi. Sikubali kwamba tusubiri njia iwe kamilifu ndipo tufungue. Sheria ya Reli ya 2017 iliunganisha RAHCO na TRL kuwa shirika moja la serikali, TRC, njia na treni vikarudi nyumba moja. Kama mwenye njia ndiye pia mwendeshaji, huyo mwendeshaji wa pili atapangiwa ratiba na nani? Na mpinzani wake? LATRA, msimamizi wa usafiri wa ardhini, lazima awe na meno, na dada apime hilo pia: nani anapanga ratiba.

Mchumi wa Njiro (Arusha)

Hoja nzuri. Japani walichagua kinyume cha Ulaya: Aprili 1987 waligawa shirika la taifa kuwa kampuni sita za abiria za kimkoa na moja ya mizigo. Kampuni za abiria zikabaki na njia zao, ile ya mizigo ikawa inapita kwenye njia za wenzake kwa kulipia. Kwa hiyo mpangilio wenyewe uwe kigezo kwenye data. Weka TAZARA pia utaona uzito wa mzigo: kilomita 1,860 zilizosanifiwa kwa tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka mingi inapitisha sehemu ndogo tu ya hizo. Njia ndefu yenye mzigo mwembamba inamfanya hata meneja hodari aonekane mbovu.

Binti wa Pasua (Moshi)

Nimesoma yote mara mbili na nimebadilisha rasimu. Naandika hapa mnikosoe.

Swali la tasnifu linakuwa dogo. Nitabaki na waendeshaji walewale wa Afrika, mwaka kwa mwaka, bila Ulaya, na kila mwaka utakuwa na alama ya mpangilio: shirika la serikali, mkataba wa mwendeshaji mmoja, au njia yenye waendeshaji wengi. Hesabu zitakuwa za hatua mbili kama alivyosema Mchumi, treni-kilomita kwanza, tani na abiria baadaye. Wafanyakazi wa makandarasi nitawaingiza nitakapowapata, na pale nitakaposhindwa kuwapata mwendeshaji huyo hatalinganishwa kwa kigezo cha watu. Miaka ya mafuriko naitenga na kuonyesha matokeo yakiwa nayo na yasipokuwa nayo.

Kwa la mzee kuhusu njia iliyoachwa, urefu wa njia nautoa kwenye vitu vinavyotumika. Badala yake kwa kila mwendeshaji naandika sehemu ya mtandao aliokabidhiwa ambayo kweli ilikuwa na treni mwaka huo. Aliyepata alama ya 1 huku ameacha theluthi ya njia bila treni, jedwali litaonyesha vyote viwili kwenye mstari mmoja, bila kuchanganya. Msomaji aone bei ya hiyo 1.

Sura ya mwisho itakuwa njia yetu peke yake, Tanga mpaka Arusha, tangu 2019. Hapo nataka mzunguko wa behewa, siku zikigawanywa kama mzee alivyoelekeza. Barua ya kibali naiandika wiki hii, nikitaja stesheni za Tanga, Korogwe, Same, Moshi na Arusha kwa majina. Mzee, ongeza Kahe?

Mzee wa Kahe (Moshi)

Kahe iongeze, ni njia panda ya Taveta na Voi, ingawa siku hizi treni za upande huo hazipo. Mruazi usiisahau, ndipo tawi la kutoka Ruvu linapoingia njia ya Tanga. Mzigo wa kutoka Dar unapita hapo, na behewa likipotelea hapo hutaliona Korogwe.

Karani wa Mizigo (Arusha)

Dada, mimi nina vitabu vya mapokezi ya ghala. Kila mzigo una tarehe ya kuagiza, tarehe ya kuingia, umekuja kwa lori au kwa treni, na mifuko mingapi imepasuka. Nimemwuliza bosi, amekubali nikupe nakala mradi majina ya wateja na bei vifutwe. Ukija Arusha njoo asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo malori yanaanza kushusha na sitakuwa na muda wa kukaa na wewe.